MERIKEBU YA MIALONI YAUNDWA UPYA
Somo kutoka kiwanda cha vyombo cha Mystic

Mtu aliyepata kushinda ufuoni Lamu au Matondoni, mahali mafundi wanapounda majahazi, ameusikia mlio wa nyundo ya mkalafati tangu asubuhi hata magharibi, fundi akishindilia pamba kati ya ubao na ubao. Mlio huo huo, wa nyundo ya mti juu ya patasi butu, ulisikika kati ya mwaka 2016 na mwaka 2019 katika mji mdogo wa Mystic, jimbo la Connecticut, upande wa mashariki wa Marekani. Huko, kando ya mto unaoingia baharini, merikebu ya mbao iitwayo Mayflower II ilikuwa imepandishwa nchi kavu. Mbao zake nyingi zilikuwa zimebanduliwa, na mataruma yake yalionekana wazi kama mbavu za nyangumi aliyetupwa pwani.

Somo hili laeleza jinsi merikebu hiyo ilivyoundwa, jinsi ilivyopatwa na ugonjwa, na jinsi ilivyoundwa upya kwa kazi za mikono ambazo watu wengi hudhani zimekwisha duniani.

ASILI YAKE

Merikebu ya kwanza yenye jina la Mayflower iliondoka Plymouth, Uingereza, mwaka 1620, ikiwa na abiria 102. Baadhi yao walikuwa watu waliotaka kumwabudu Mungu kwa namna isiyoruhusiwa na serikali ya mfalme wao. Walikaa baharini siku 66. Nchi waliyoifikia haikuwa tupu, kama vitabu vingine vya zamani vinavyopenda kusema. Ilikuwa nchi ya Wawampanoag, na mahali walipojenga palikuwa kijiji cha Patuxet, ambacho wenyeji wake walikuwa wamemalizwa na maradhi miaka michache kabla ya hapo. Merikebu yenyewe ilirudi Uingereza mwaka 1621, na kufika mwaka 1624 ilikuwa imechakaa kabisa. Haikuachwa picha yake wala mchoro wake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwingereza mmoja, Bwana Warwick Charlton, alifikiri kuwapa Wamarekani zawadi ya kuwashukuru kwa msaada wao vitani, nayo iwe ni mfano wa merikebu ile, wenye ukubwa ule ule, na wenye kuweza kuvuka bahari. Kazi hiyo ilipewa kiwanda cha Upham huko Brixham, katika wilaya ya Devon. Mafundi walianza mwaka 1955, wakaishua mwezi wa Septemba 1956. Walitumia mialoni ya Devon, matanga ya kitani yaliyoshonwa kwa mkono, na kamba za hempu, ambazo kwa kazi ni ndugu wa mkonge wetu.

Lakini mtu ataundaje mfano wa kitu ambacho hakuna aliyekiona? Shida hiyo aliitatua Mmarekani, Bwana William Baker, mchoraji wa merikebu. Alishika neno moja lililoandikwa na William Bradford, mmoja wa abiria wale, kwamba merikebu yao ilikuwa ya kadiri ya tani 180. Kisha akasoma karatasi za waunda vyombo wa zamani za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambamo mlikuwa na hesabu za urefu, upana na kina. Kwa hesabu hizo alichora chombo chenye urefu wa futi 106 na upana wa futi 25 hivi. Jambo moja alilibadilisha kwa makusudi: nafasi kati ya sitaha na sitaha aliizidisha kidogo, ili wageni watakaoitembelea wasigonge vichwa vyao. Yafaa kulikumbuka hilo, kwa maana hata kazi yenye kufuata ya kale kwa uaminifu huwa na mahali inapowahurumia watu wa leo.

NAHODHA ALIYEIJUA PWANI YETU

Merikebu hiyo ilivuka bahari ya Atlantiki mwaka 1957, bila mtambo wowote wa kuisukuma, ikiwa na watu 33. Iliondoka Plymouth ya Uingereza tarehe 20 Aprili, ikafika Plymouth ya Marekani tarehe 13 Juni. Nahodha wake alikuwa Bwana Alan Villiers, mzaliwa wa Australia.

Wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja wana sababu ya kulijua jina hilo. Mwaka 1938 Bwana Villiers alipanda bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr Nejdi, akasafiri nalo kutoka Uarabuni kwa pepo za kaskazi. Alifika Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja, kisha akaenda mpaka delta ya Rufiji, ambako mabaharia walikata na kupakia boriti za mikoko kwa ajili ya nyumba za Ghuba. Hakukaa kama abiria wa heshima. Aliandika desturi zao, nyimbo zao na madeni yao, akatoa kitabu mwaka 1940. Basi mtu aliyepewa amana ya merikebu ya Waingereza mwaka 1957 alikuwa amejifunza sehemu ya elimu ya tanga kwa Waarabu na Waswahili waliokuwa wakiliishi tanga hilo, wala si kwa kulisoma vitabuni.

Tena Mayflower II ina matanga sita. Matano ni ya pembe nne, lakini la mlingoti wa tezi ni la pembe tatu, limefungwa katika foromali ya mshazari kama tanga la jahazi. Baharia wa Lamu akisimama mbele ya mlingoti huo hana haja ya mkalimani.

UGONJWA WA MBAO

Merikebu ilitolewa kwa makumbusho ya Plimoth, ikafungwa gatini, watu wakaitembelea mwaka hata mwaka. Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia.

Watu wengi wa bara hudhani kwamba bahari ndiyo inayoozesha mbao. Sivyo. Maji ya chumvi huzihifadhi mbao zisiingiwe na kuvu, ingawa wako wadudu wa baharini wanaozitoboa kwa upande wa chini. Adui mkubwa ni mvua. Maji matamu hupenya katika nyufa za sitaha, yakatiririka pole pole ndani, yakakaa juu ya vichwa vya mataruma na katika pembe zisizopitiwa na upepo. Kuvu huanza hapo. Kwa nje ubao waonekana mzima na rangi yake yang'aa, lakini fundi akiuchoma kwa ncha ya kisu, kisu chazama kama katika muhogo uliooza. Ndiyo sababu waunda vyombo wa zamani wa pwani ile ya Marekani walikuwa wakijaza chumvi katikati ya mataruma ya merikebu mpya.

Chuma nacho kina hila yake. Mwaloni una namna ya ukali ndani yake, kama ule wa magome yanayotumiwa kulainishia ngozi. Ukali huo hula msumari wa chuma ulioloa, na kutu ya msumari hula mti uliouzunguka, hata tundu likawa kubwa na msumari ukawa mwembamba. Kila kimoja chamwua mwenziwe.

Mayflower II ilipokaribia umri wa miaka 60, wakaguzi waliona kwamba kuiziba hapa na pale hakutoshi. Mwaka 2020 ungekuwa mwaka wa 400 tangu safari ya kwanza, na ilikuwa lazima kuchagua: ama merikebu iundwe upya, ama iachwe iwe kuni. Ikachaguliwa njia ya kwanza, na gharama yake ikapita dola milioni 11.

NDANI YA KIWANDA

Mystic palikuwa mji wa waunda vyombo tangu karne ya 19, na makumbusho ya bahari ya hapo yalianzishwa mwaka 1929. Kiwanda chake hakikuwa kigeni kwa kazi ya namna hii. Kati ya mwaka 2008 na 2013 mafundi wake waliitengeneza Charles W. Morgan, merikebu ya kuwindia nyangumi iliyoundwa mwaka 1841. Kwa kazi hiyo walipata bahati ya ajabu. Huko Boston, watu waliokuwa wakichimba msingi wa hospitali mahali palipokuwa kiwanda cha zamani cha manowari walikuta magogo ya mwaloni yamezikwa katika tope. Waunda manowari wa zamani walikuwa wakiyaweka magogo majini ili yasipasuke, na haya yalikuwa yamesahauliwa. Yalipopasuliwa, ndani yake yalikuwa mazima, yakapelekwa Mystic.

Mgeni aliyeingia kiwandani wakati wa kazi ya Mayflower II aliruhusiwa kutazama. Jambo la kwanza lililomshangaza ni magogo yaliyolazwa nje, maana mengi yalikuwa yamepinda. Mwuza mbao wa kawaida asingeyataka. Lakini mwunda vyombo huyatafuta hayo hasa. Taruma likichongwa katika gogo lililonyoka, nyuzi za mti hukatwa pale penye pindo, na hapo ndipo litakapovunjika. Likichongwa katika mti uliopinda wenyewe kwa jua na upepo, nyuzi hufuata pindo tangu mwanzo hata mwisho. Mafundi wetu wa pwani wanaokwenda msituni na kigezo mkononi, wakizunguka mti baada ya mti mpaka waone tawi lenye pindo la kufaa, wanafuata kanuni hiyo hiyo.

Mialoni ilitoka katika majimbo kadhaa ya Marekani, na mingine ilitoka Denmark. Ya Denmark ina hadithi yake. Mwaka 1807 Waingereza waliupiga mji wa Copenhagen kwa mizinga, wakazichukua manowari za nchi ile. Wadenmark wakapanda mialoni ili wajukuu wao wapate miti ya kuundia manowari nyingine. Mwaloni wa kazi hiyo wataka miaka 150 hata 200. Miti ilipopata unene wa kufaa, manowari za dunia zote zilikuwa za chuma, na misitu ikabaki imesimama ikingoja kazi nyingine.

Gogo likiisha kuchaguliwa, hupasuliwa kwa msumeno mkubwa wa umeme. Isidhaniwe kwamba mafundi wa Mystic waliukataa umeme kwa ajili ya maonyesho. Msumeno hufanya kazi ya nguvu, lakini kazi ya mwisho ni ya mkono. Fundi husimama juu ya gogo, miguu kando kando, akaliangusha tezo kati ya nyayo zake, akiondoa ganda jembamba kwa kila pigo. Tezo likiwa na makali yafaayo, uso wa mti huachwa laini kiasi cha kudhaniwa umepigwa randa. Likiwa butu, fundi yumo katika hatari ya kukata mguu wake. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kunoa kabla ya kufundishwa kuchonga.

Kisha yaja kazi ya kukunja mbao, nayo ndiyo iliyowakusanya wageni wengi. Ubao wa mwaloni wenye unene wa inchi tatu hauwezi kukunjwa kwa nguvu za watu, hata wawe kumi. Hutiwa ndani ya sanduku refu la mbao linalojazwa mvuke kutoka katika birika la maji yachemkayo. Kanuni ni saa moja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo ubao huo hukaa saa tatu. Watu wangoja kimya. Mlango ukifunguliwa, mvuke hutoka kama wingu, na mafundi wenye glavu nene huushika ubao, wakaupeleka mbio mpaka ubavuni mwa merikebu. Hawana nafasi ya kubishana, maana dakika chache zikipita mti hupoa na kukakamaa. Mmoja hushika kichwa cha ubao mahali pake, wengine huusukuma kwa vyuma vya kubania, taruma baada ya taruma, na ubao hulia lakini hukubali. Usipokubali, hupasuka, na kazi ya saa nyingi hutupwa. Wala hakuna hasira hapo, kwa kuwa kila fundi amepata kupasua wake.

Mbao hushikwa kwa vigingi vya mti mgumu. Tundu hutobolewa kupita ubao na taruma, kigingi hupigwa kwa nyundo kubwa, kisha kichwa chake hupasuliwa na kutiwa kabari ndogo. Kigingi kikiloa, huvimba, kikabana zaidi. Hakina kutu.

Ya mwisho ni kukalafati. Kati ya ubao na ubao huachwa mwanya mwembamba, mpana kwa nje na mfinyu kwa ndani. Fundi hushindilia humo pamba, kisha nyuzi za kamba zilizotiwa lami, halafu mwanya huzibwa. Kwetu kazi hiyo humalizwa kwa deheni, na mbao hupakwa sifa ya papa ambayo harufu yake hutangulia chombo bandarini. Mkalafati hodari huijua kazi yake kwa sikio. Nyuzi zikiwa hazijajaa, nyundo hutoa sauti nzito. Zikijaa, sauti hupanda na kuwa kali. Akipiga kupita kiasi huzisukuma mbao zikaachana na mataruma. Hayo hayana kipimo katika kitabu chochote. Kijana husimama karibu na mzee, husikiliza, hupiga, hukosolewa, hupiga tena.

JE, NI MERIKEBU ILE ILE?

Kazi ilipokwisha, kama sehemu saba katika kila kumi za mataruma, boriti na mbao za merikebu zilikuwa mpya. Wageni waliuliza, na swali lao si la kipuzi: Je, hiyo ndiyo Mayflower II iliyoundwa Brixham, au ni nyingine iliyovaa jina lake?

Mtu wa Lamu angelishangaa swali hilo. Jahazi la baba yake lilibadilishwa mkuku mwaka mmoja, mbao za ubavuni mwaka mwingine, mlingoti baada ya dhoruba, na kila mtu bandarini huliita kwa jina lile lile na kulidai deni lile lile. Chombo cha mbao chaishi kwa kutengenezwa. Ugumu uko mahali pengine. Mbao zaweza kununuliwa na mti waweza kupandwa, lakini mkono uliozoea kazi ukipotea, haununuliki. Mafundi wa Brixham waliojifunza kwa baba zao kabla ya vita walikuwa wamekwisha zeeka au kufa. Kama kazi za namna ile zisingaliendelea katika viwanda vichache kama cha Mystic, mwaka 2016 pasingalikuwa na mtu wa kuulizwa.

Hasara ya namna hiyo imepata kufika kwetu. Zamani pwani hii ilikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, chenye tanga la mkeka. Mitepe ilichukua boriti na nafaka kati ya Lamu, Mombasa na Unguja. Katika karne ya 20 ilikoma kuundwa. Makumbusho yana mifano midogo, na wataalamu wameandika vipimo, lakini mshono mwenyewe, namna kamba inavyovutwa na kukazwa katika tundu na kuzibwa isivuje, ulikuwa katika vidole vya watu waliokufa bila kuwa na wanafunzi. Wale waliotaka kuunda mtepe tena walilazimika kuanza kwa kubahatisha mambo ambayo mtoto wa mshonaji mitepe angaliyajua akiwa na umri wa miaka kumi. Lakini majahazi na mashua yangali yakiundwa Lamu kwa macho na mkono, bila mchoro wa karatasi, na fundi akifika Mystic na tezo lake angalipewa gogo siku ile ile.

KURUDI MAJINI

Mayflower II ilishuliwa tena mwezi wa Septemba 2019. Merikebu ya mbao iliyokaa nchi kavu muda mrefu huvuja inapoingia majini, hata ikiwa imekalafatiwa na mafundi bora, maana mbao zimekauka na kusinyaa. Pampu huwekwa tayari, na watu hukesha. Siku zikipita, mwaloni hunywa maji, huvimba, na mianya hujifunga yenyewe.

Sherehe kubwa zilizokusudiwa mwaka 2020 ziliharibiwa na maradhi ya korona. Safari ya kurudi ilicheleweshwa, lakini haikufutwa. Mwezi wa Julai merikebu iliondoka Mystic, mabaharia wakaijaribu matanga yake baharini, na tarehe 10 Agosti 2020 ikaingia Plymouth na kufungwa mahali pake pa zamani. Tangu siku hiyo mvua ilianza kuinyeshea tena, na kazi ya kuzikagua mbao zake kwa ncha ya kisu, taruma kwa taruma, ikaanza upya.